Labda Amebonyeza Mahali

Siku tuliyomzika Haji Jama, mwanawe Yusuf alisimama mbele ya jeneza baada ya sala, akasema maneno ambayo nimeyasikia katika maziko mengi ya Waislamu hapa Isiolo. "Kama kuna mtu ambaye baba yangu alimkosea, tafadhali amsamehe leo. Na kama yuko asiyeweza kusamehe, aje kwangu, mimi nitajibu badala yake." Watu wakaitikia kwa sauti ya chini kwamba wamemsamehe. Mimi ni Mmeru na ni Mkristo, kwa hiyo nilikuwa nimesimama nyuma kidogo ya safu zao, kofia mkononi, lakini niliitikia pamoja nao. Nilimfanyia Haji kazi miaka mingi na sikuwa na kinyongo naye. Nilirudi nyumbani nikanywa chai yangu na kulala vizuri. Nayaandika hayo kwa aibu, kwa sababu katika umati ule mzima hapakuwa na mtu ambaye maneno ya Yusuf yalimhusu kama mimi.

Kesho yake nilipeleka sukari na mtungi wa maziwa nyumbani kwa marehemu. Wanaume walikuwa wameketi mbele chini ya turubai, na wanawake walikuwa ndani na kwenye baraza la nyuma karibu na jiko. Nikazunguka na mtungi wangu kutafuta mtu wa kuupokea. Mkeka ulikuwa umetundikwa kuzuia jua, na kabla sijabisha hodi nikasikia wakiongea upande wa pili.

"Usimpe Akko hiyo simu!" msichana mmoja alisema. Akko ni bibi kwa Kiborana. "Ataibonyeza ife!"

"Kwani simu ni kitu gani kwake?" akadakia mwingine. "Huyu aliua kompyuta nzima ya marehemu."

Wakacheka, vile watu hucheka matangani wakishachoka kulia. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke mzima, nzito kidogo, na nikaijua palepale ingawa nilikuwa sijaisikia kwa miaka ishirini na minne. "Chekeni tu," alisema Rukia. "Niliiua kwa hiki kidole. Haji akanitoa kwa kiti, na mimi nimeshamsamehe. Na yeye huko aliko anisamehe mashine yake." Nikauweka mtungi chini polepole usilie kwenye saruji, nikaondoka bila kubisha hodi.

Mwaka ninaoukumbuka ulianza ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya vipuri. Haji alikuwa mwenye malori, kama walivyokuwa wengi wa ukoo wake, wajukuu wa wanajeshi wa zamani wa Kisomali waliobaki hapa baada ya vita vya Wazungu. Malori yake yalikwenda Merti na Garbatulla, yakipeleka unga na sukari na kurudi na mbuzi. Mimi nilikuwa fundi wake gereji. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, nimemaliza Fomu Foo, na najua injini kuliko ninavyojijua mwenyewe. Siku moja akaniita. "Waryaa, Kirimi! Wewe unafungua injini na kuifunga bila nati kubaki. Kompyuta itakushinda?" Nikasema haiwezi. Akanipeleka Meru mjini kwa masomo ya wiki tatu, nikarudi na cheti nilichokitia fremu. Wakati huo stoo ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, lakini fenibeti, ile mikanda ya mpira ya injini, zilikuwa bado zimening'inia ukutani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuzitundika, na chumba kilinuka grisi mpaka siku ya mwisho nilipotoka humo.

Katika stoo hiyohiyo, kati ya vipuri, ndimo Rukia alimokuwa akifanya kazi kabla yangu. Alikuwa karani wa Haji, na mashine yake ya taipu ilikuwa na kifuniko cha kitambaa alichokishona mwenyewe kutokana na leso iliyochakaa. Alipiga taipu kwa kasi hata madereva walikuwa wakija kusimama dirishani kusikiliza tu. Mmoja alimwuliza, "Rukia, hiyo inaenda kilomita ngapi kwa saa?" Naye akajibu bila kuinua macho, "Inakupita wewe na lori lako, na mimi sina pancha." Saa ya chakula alifungua chupa ya chai ya maziwa ya ngamia na chapati laini za anjera zilizofungwa kwenye kitambaa safi, na mimi nilifungua mkebe wangu wa githeri. Siku za kwanza kila mtu alikula chake akitazama ukuta. Baadaye tukawa tunabadilishana, kisha tukaacha kusema tunabadilishana, chakula kikawa kimoja mezani. Alinisahihishia barua zangu kwa penseli, taratibu, asiniaibishe. Sitaandika hapa kwamba nilimpenda. Sikumwambia hivyo wakati alipokuwa na nafasi ya kunijibu, na si haki kumwambia kupitia karatasi.

Kompyuta na printa vilikuja kutoka Nairobi kwenye maboksi mawili, juu ya mzigo wa saruji, vikiwa vimefunikwa na vumbi la barabara. Nilivifungua mbele ya Haji na madereva kama anayefungua zawadi ya harusi. Nyuma ya printa, juu ya tundu dogo la mraba la kuchomekea waya, palikuwa na stika ya rangi ya machungwa yenye mchoro wa mkono na maneno ya Kiingereza. Naomba msomaji anielewe, ingawa sijitetei. Kule gereji, pampu mpya ya dizeli huja na matundu yake yamezibwa ili vumbi lisiingie njiani, na fundi akitaka kuifunga hubandua kwanza. Niliona stika juu ya tundu, nikajua ni ya kuzuia vumbi. Ningeweza kuisoma. Kiingereza nilikijua cha kutosha. Lakini hakuna fundi wa malori aliyesoma karatasi mbele ya madereva akabaki na heshima yake. Nikaibandua, na kwa sababu rangi yake ilikuwa nzuri, nikaibandika ndani ya mfuniko wa sanduku langu la vifaa. Nikachomeka waya na kuwasha.

Kisanduku kikatokea kwenye skrini. Kilisema kimeona kifaa kipya, kikaanza kuniuliza maswali. Nikabonyeza ndiyo, ndiyo, endelea, endelea, kama mtu anayemwitikia mzee asiyemsikia vizuri. Kwa wasiojua kazi hii, kila printa huja na programu yake ndogo tunayoiita draiva, ambayo huieleza kompyuta namna ya kuzungumza na printa hiyo. Ile yetu ilikuwa kwenye sidii, na sidii ilikuwa bado ndani ya boksi. Kwa kuwa nilichomeka waya kwanza, kompyuta ikajichagulia draiva nyingine, ya printa iliyofanana kidogo na yetu. Nilipotia sidii baadaye haikubadilisha kitu. Taa ya kijani iliwaka, na Haji akasema mashallah, na mimi nikafuta mikono kwenye ovaroli ingawa haikuwa na uchafu.

Barua ya kwanza ilikuwa ya kuomba kazi ya kupeleka chakula cha msaada Merti, na ilitakiwa kufika ofisi ya msaada kabla ya saa sita mchana. Rukia aliichapa kwenye kompyuta kwa upole, kama anayeshika mtoto wa mtu. Aliisoma mara mbili. Kisha akageuka kwangu. "Nibonyeze?"

"Bonyeza," nikamwambia.

Akabonyeza. Printa ikameza karatasi ya kwanza, ikaitoa na mstari mmoja wa alama zisizosomeka, kama nyayo za ndege kwenye matope. Ikameza ya pili. Ikameza ya tatu. Hapakuwa na namna ya kuizuia, au ilikuwepo na mimi sikuijua. Karatasi zilijaa mezani, zikaanza kuanguka sakafuni. Haji akaingia akiwa na saa yake mkononi. "Nini hii?" akauliza. Rukia alinitazama mimi. Hakuwa na hofu, alikuwa anangoja tu nieleze, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na cheti ukutani.

"Labda amebonyeza mahali," nikasema.

"Mahali wapi?"

"Hizi mashine ni laini, Haji. Mtu akibonyeza pasipo pake, inavurugika."

Nimeifikiria siku ile mara nyingi, hasa siku hizi mgongo unapokataa kazi na ninakaa tu. Sikupanga kumdhuru. Nilichosema kilikuwa mazoea ya njia ya Merti. Lori likikwama katikati ya mchanga na mbuzi sitini wanalia nyuma, watu wote humtazama fundi, na fundi anayesema "sijui" haitwi tena. Kwa hiyo unataja sababu, sababu yoyote, ili midomo itulie nawe upate nafasi ya kutafuta tatizo lenyewe. Tulizoea kutaja dizeli chafu, au kumtaja mpakiaji kwamba alipakia vibaya. Mpakiaji hakukasirika, kwani alijua mchezo na kesho yake alisahau. Mimi nilichukua desturi hiyo ya barabarani nikaiingiza katika chumba ambamo hakuna aliyeijua isipokuwa mimi. Rukia aliamini kwamba nilichosema ndicho nilichokijua.

Hakubishana. Alitoa kifuniko cha leso kwenye taipu yake, akaichapa upya barua yote kwa dakika chache, bila kosa, na barua ikafika kabla ya saa sita. Haji alipata kazi ile ya Merti. Hakuna aliyemshukuru Rukia, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye mashine iliyoharibika.

Kwa karibu miezi mitatu nilipambana na ile printa kwa njia za gereji. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha tundu la umeme. Niliifungua nikapuliza vumbi ambalo halikuwemo. Kila nilipochomoa waya na kuuchomeka tena kwenye tundu jingine, kompyuta ilidhani imeletewa printa mpya, ikaiandika tena kwenye orodha yake, mpaka ikawa na printa saba na zote ni ileile moja. Karatasi zilizoharibika Rukia alizikusanya na kuwapelekea watoto wa madrasa waandike upande wa pili. Lakini nilipomwita ajaribu kuchapa, alianza kusogeza kiti nyuma na kuingiza mikono ndani ya leso. "Jaribu wewe," alikuwa akisema. "Mimi nitaiharibu tena." Chakula chetu kilikuwa bado kimoja mezani. Aliendelea kunimegea anjera, na mimi niliendelea kula.

Kisha siku moja, saa ya sala ya adhuhuri, Rukia akiwa ametoka, nilifungua sanduku langu kutafuta bisibisi, na ile stika ikawa usoni pangu. Sijui kwa nini siku hiyo niliisoma. Ilisema: simama, usichomeke waya huu kabla ya kuweka programu. Nikakaa chini. Nikafuta zile printa saba moja baada ya nyingine, nikachomoa waya, nikazima na kuwasha, nikatia sidii, nikasoma kila kisanduku mpaka mwisho, na kompyuta ilipoomba waya yenyewe, ndipo nikauchomeka. Karatasi ikatoka safi kabisa, herufi nyeusi zimekaa sawasawa. Kazi yote ilichukua muda wa sala tu. Rukia akarudi, uso bado una maji ya udhu, akaiona karatasi mkononi mwangu.

"Imepona?"

"Imepona."

"Ilikuwa nini?"

Nilikuwa na stika nusu mita kutoka mkononi. "Mambo ya ndani tu," nikasema. Naye akapiga makofi, akafurahi kwa ajili yangu kabisa, akaenda kumwita Haji. Haji aliita madereva. "Njooni muone! Kirimi ametengeneza ile Rukia aliharibu!" Tangu siku hiyo mji mzima huniita Fundi, na mpaka leo duka langu dogo la kutengeneza kompyuta limeandikwa hivyo juu ya mlango.

Haji hakumfukuza. Alimwambia kwa upole akae na taipu, na kompyuta aiache. Taipu ikahamishiwa koridoni. Barua zikawa zinachapwa nami, polepole na kwa makosa, na taipu ikakosa kazi. Karibu na mwisho wa mwaka Rukia aliniambia anarudi Garbatulla. "Kuna ofisi kule walinitaka," alisema, "lakini wana kompyuta. Nimewaambia mimi mkono wangu ni mzito kwa hizo vitu. Nitauza vitambaa." Nikamwambia, "Utajifunza, Rukia." Nilisema hivyo nikiangalia fenibeti. Akapanda mojawapo ya malori ya Haji, mbele pamoja na dereva, na ile mashine ya taipu ikabaki koridoni na kifuniko chake. Nilijiambia kwamba wanawake wengi huuza vitambaa na wanaishi vizuri. Tangu wakati ule nimewatengenezea watu printa nyingi, na swali langu la kwanza ni moja: mlianza na waya au na programu? Nimewauliza mamia ya watu. Yeye sikumwambia.

Ndiyo maana baada ya kusikia kicheko kile nyuma ya mkeka sikuweza kukaa. Jioni kabla ya magharibi nilirudi, nikamwita Yusuf kando. Kijana huyu huniita adeer, kama anavyowaita ndugu za baba yake. "Ulisema asiyeweza kusamehe aje kwako," nikamwambia. "Mimi ndiye wa kusamehewa. Kuna kosa langu ambalo baba yako amelijibia miaka hii yote." Hakuelewa, lakini alimwita Rukia mlangoni. Akatoka. Alikuwa amenenepa kidogo na macho yake yalikuwa yaleyale. "Akam, Kirimi," akanisalimia kwa furaha. "Umezeeka, we!"

Nikamweleza. Nilianza na stika, nikaenda mbele mpaka adhuhuri ile, na kile nilichojibu aliponiuliza ilikuwa nini. Nilikuwa nimejifunza hotuba njiani, ikanipotea yote. Yusuf aliinamisha kichwa. Rukia alisikiliza akiwa ameshika mwimo wa mlango.

"Sema tena," akasema. "Kwa nguvu. Hawa ndani wasikie."

Nikasema tena. "Rukia hakuharibu kompyuta ya Haji. Niliiharibu mimi kwa kutosoma, nikamsingizia, na nilipoijua kweli nikanyamaza." Msichana mmoja alikuwa ameshika simu mkononi kama kitu alichokiiba.

"Niliuliza nibonyeze," Rukia akasema. "Wewe ndiye ulisema bonyeza."

"Mimi ndiye."

"Nilikuwa na vidole vizuri, Kirimi."

"Hapakuwa na vingine kama hivyo Isiolo nzima."

Nilidhani atalia, au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Lakini alimgeukia Yusuf, na sura yake ilikuwa na wasiwasi ambao sikuutegemea. "Sasa nifanye nini na baba yako?" akamwuliza. "Kila lori lake likipita Garbatulla nilikuwa nasema, huyo mtu alinidharau kwa kosa dogo. Nimemsema miaka yote hiyo. Jana nimemsamehe kosa ambalo si lake. Na yeye mwenyewe hayuko, nani anisamehe mimi?" Yusuf alimwambia kwamba baba yake angemsamehe, na yeye kwa niaba yake amemsamehe. Rukia akatikisa kichwa. Akanitazama. "Sisi wanawake hatuendi makaburini. Wewe nenda. Kesho asubuhi, kabla sijaondoka. Mwambie Haji nilimsema bure, na umwambie kwa nini."

Asubuhi nilikwenda. Yusuf alikuwa amenieleza, kaburi la mwisho upande wa ukuta, udongo bado mbichi. Sikujua Mmeru na Mkristo kama mimi asimame upande gani wala aseme nini, kwa hiyo nilivua kofia nikasema kama nilivyozoea kusema mlangoni pa ofisi yake. "Salaam aleikum, Haji. Ni Kirimi." Kisha nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba Rukia alikuwa akimsema bure na anaomba radhi, na kwamba yeye Haji alimwondoa karani bora aliyewahi kuwa naye kwa sababu aliniamini mimi. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na mkokoteni wa maji alisimama kunitazama, nikaendelea mpaka nikamaliza. Nilingoja kidogo, kwa mazoea tu ya kungoja ajibu.

Pikapu ya Garbatulla ilikuwa karibu kuondoka nilipofika stendi. Rukia alikuwa amesimama kando ya mlango na mkoba mkubwa, akitafuta njia ya kuweka mguu kwenye ngazi. Aliniona nikija.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Yote? Na lako?"

"Nilianza na langu."

Dereva alipiga honi. Rukia hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Kisha akaunyoosha mkono wenye mkoba kuelekea kwangu. "Basi shika huu," akasema, "nipande."